Page ya Siri ya Tata Stany

Stany alikuwa na kravate moja ku shingo, telefoni moja ya kioo kupasuka, na baba-mukwe moja mukali kule Likasi. Ule muzee alisema: "Jumamosi, siku ya posho, bila kitanda na gunia kumi ya bunga, mutoto wangu Stéphanie anaolewa na mwalimu."

Basi katika soko ya Kapata, akasikia Mama Tshibola anagombana na benzake: "Mi naleta bunga, weye unaleta bunga, shiye bote siku moja! Nani ataikula?"

Stany akanyoosha kravate.

"Mama, mateso inaisha leo. Niko na sistemi, page moja mu telefoni. Telefoni yoyote inaifungula. Moja anaandika, bote banaona palepale."

"Na chef, mukubwa wa ile page?"

"Ni weye, mama! Nani mwingine?"

Na kweli akamuandika chef, sababu uongo muzuri inalomba ukweli kidogo ndani. Ile page ilikuwa ya bure. Aliitengeneza wakati anangojea chai ipoe. Bei: gunia kumi.

"Lakini ni siri, mama. Na musiifungule mbele ya saa ine ya posho. Inapaswa kulala kwanza."

Baseremala nabo bakanunua page kwa kitanda. Bamotari, benye kubeba batu na pikipiki, bakakubali kulipa kwa kubeba bintu yake bure mpaka kwenye bus ya Likasi. Kutengeneza page tatu? Kazi ya nini! Akabapatia bote ileile moja.

Posho, saa mbili, Mama Tshibola akashindwa kungoja. Chef anangojaka nani? Akafungula. Akakuta bengine balishindwa kungoja vilevile. Akasoma: "Leo tunatosha inje kitanda ya Tata Stany. Kanyinda, seremala." Chini yake: "Saa ine kubeba kitanda na gunia kumi. Kitenge, motari."

Akaandika: "Munafanya nini mu page yangu?"

"Yako? Ni yetu!"

"Yenu? Shiye njo tuliilipa!"

Bakalinganisha bei: page moja, imeuzwa mara tatu. Kisha batu bale, benye hawakusalimianaka hata siku moja, bakapatana mbio kuliko familia kwenye arusi.

Saa ine, Stany alipanda moto, ile pikipiki ya Kitenge, anaimba. Nyuma, bamotari na gunia. Kitanda ilipanda moto mbili. Kufika kwa bus, akashuka, akageuka: vumbi tu. Akageukia Kitenge: vumbi ingine.

Akafungula ile page mu telefoni. Maneno ilikuwa inakuja yenyewe:

"Gunia ya saba imerudi kwa mama."

"Ya nane iko mu njia."

"Kitanda imefika. Muguu inalegea, leta nyundo."

Ni haya kusema, lakini Stany akajivuna kidogo. Kumbe ile kitu inatumika!

"Likasi! Tunaenda!" dereva wa bus akapiga kelele.

Stany akakimbilia kufuta yote. Page ikajifunga mbele ya macho yake: *Lomba ruhusa kwa chef.*

Akalomba. Angefanya nini?

Jibu ikakuja palepale: "Kuingia ni gunia kumi ya bunga, tata. Lakini ni siri."