Gari la Maji na Posa ya Adamu

Jumatatu, 14 Julai 2025. Mbeya.

Niwie radhi, shajara. Nimekaa kimya tangu Machi. Nilipokufunga mara ya mwisho tulikuwa na sungura arobaini na wawili na matumaini makubwa. Leo hatuna sungura. Sitaeleza.

Jambo la leo ni zito. Mjukuu wangu Adamu, aliyeko Chunya katika ofisi ya wanunuzi wa dhahabu, anataka kumwoa Shufaa, nesi wa Iringa. Mimi ndiye mshenga. Baba yake Shufaa, Mzee Abdul, muuza vitenge, ametupa siku: Jumamosi saa saba mchana barua ya posa iwe mkononi mwake. Jumapili anapokea wageni kutoka Songea, nao wana barua yao. Tukikosa Jumamosi, tumekosa.

Shemeji yangu Isihaka amesema nipande basi. Amesema hivyo mbele ya watu! Mshenga ashuke stendi na kugombea bodaboda? Nimekataa. Nitakwenda kwa gari langu. Pikapu ya mwaka 1979, inakunywa petroli bila adabu, lakini dawa yake nimeipata. Maji! Umeme wa betri ukipita ndani ya maji, maji huachana: haidrojeni huku, oksijeni kule. Gesi hiyo ikiingia kwenye injini, petroli itatumika nusu. Nilifundisha sayansi darasa la saba kwa miaka thelathini na mmoja. Najua ninachokisema.

Jumanne, 15 Julai.

Mtambo umekamilika. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mabamba manane ya chuma kisichoshika kutu. Vipande vya malapa katikati ili yasigusane. Mpira wa kupeleka gesi kwenye injini. Mabamba ndiyo yaliyonisumbua, maana madukani hayapo. Mwishowe nikayaona jikoni kwangu: masinia manne ya pilau, yanang'aa, hayana kazi mpaka pawe na shughuli. Nimeyakata.

Maji matupu hayapitishi umeme vizuri. Nikatia chumvi. Kosa! Ikatoka harufu kali kama ya dawa ya kusafishia choo, macho yakanitoka machozi, paka akahama. Nikamwaga, nikafungua madirisha yote, nikatia magadi ya kupikia maharage. Mapovu safi kabisa. Isihaka alipita, akachungulia ndoo, akauliza: "Shemeji, hayo maharage yanaiva lini?" Nikafunika ndoo.

Jumatano, 16 Julai.

Mke wangu Mwanakhamisi ameuliza masinia yako wapi. Nikamweleza kwa utulivu jinsi umeme unavyopita majini. Akauliza tena masinia yako wapi. Ikabidi nimwonyeshe ndoo.

Kumbe si yake. Ni ya kikundi cha akina mama wa msikitini, wanaopika katika harusi na misiba yote ya mtaa. Yana namba za rangi nyekundu mgongoni. Namba nilikuwa nimeziona, nikadhani ni za kiwandani. Mwanakhamisi hakupiga kelele. Alisema tu: "Haya, Mwalimu." Katika miaka hamsini ya ndoa, "Haya, Mwalimu" nimeisikia mara tatu. Chakula cha mchana kimeletwa juu ya mfuniko wa sufuria.

Barua ya posa nimeimaliza. Rasimu ya nne. Kurasa mbili, wino wa bluu, hakuna neno lililofutwa. Isihaka ameomba kuisoma. Aliishikia simu yake juu kwa muda mrefu, akidai macho yake yanahitaji mwanga. Nimemshauri amwone daktari wa macho.

Alhamisi, 17 Julai.

Jaribio! Nimetoka Uyole saa mbili asubuhi. Ndoo nimeifunga kwa mkanda kwenye kiti cha abiria ili niyaone mapovu. Kabla ya kuondoka nilipima petroli kwa ufito niliouchonga alama. Inyala. Igurusi. Chimala. Gari lilikwenda lenyewe! Mahali pengine sikukanyaga mafuta hata kidogo. Chimala nikapima tena: imepungua alama moja tu. Nimepata nafuu ya asilimia sabini. Nimeandika asilimia sitini na tano, kwa unyenyekevu.

Rafiki yangu Bujiku, mwenye mashamba ya mpunga Ubaruku, alikuwa pale na lori lake. Nikamwonyesha ufito. Akautazama. Akaitazama milima niliyotoka. Akasema: "Mwalimu, hapa ni mteremko tangu Inyala. Hata gunia la mpunga ukilisukuma kule juu, litakukuta hapa." Bujiku ni mtu mwema, anajua ng'ombe na anajua mpunga. Sayansi hakuisoma.

Safari ya kurudi sikuipima. Betri ilikuwa imekwisha, gari halikuwaka, Bujiku akalivuta kwa kamba hadi Mbeya. Si kitu. Matokeo ya kwenda yanatosha.

Ijumaa, 18 Julai.

Betri imechajiwa. Baada ya swala, mlangoni mwa msikiti, Isihaka ameniuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama nitabeba maji ya akiba, na kama ni ya gari au ya kunawia uso nikikwama. Watu wamecheka, hata imamu. Nimemjibu kwamba kesho saa saba nitakuwa ninakunywa sharubati kwa Mzee Abdul. Akasema: "Inshallah, shemeji. Nitakubakishia glasi." Sikuelewa maana yake.

Adamu amepiga simu kutoka Chunya. Sauti ilikuwa nyembamba. "Babu, nakuomba, panda basi. Tiketi nakukatia mimi, siti ya mbele kabisa." Nikamwambia atulie, jambo lake liko mikononi mwa watu wazima. Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao.

Jumamosi, 19 Julai. Iringa.

Nimeondoka baada ya swala ya alfajiri. Baridi kali, koti zuri, barua ndani ya bahasha kwenye kiti cha abiria, pembeni ya ndoo. Hadi Igawa, ushindi mtupu! Mapovu kama uji unaochemka. Nimelipita basi. (Lilikuwa limesimama kushusha abiria, lakini nimelipita.)

Kuanzia Igawa barabara ilibadilika tabia. Ilipanda. Gari likaanza kukohoa. Ndoo ikapata moto wa kuivisha yai, plastiki ikalegea, na katika kilima kimoja kabla ya Makambako ikainama kama mgonjwa na kumwaga maji ya magadi juu ya kiti. Juu ya barua! Kurasa mbili! Nilizikausha kwa koti. Kurasa zikawa nyeupe, koti likawa la bluu. Injini ikazima. Betri haikuwa na nguvu hata ya kupiga honi.

Basi lilelile likanipita. Dirishani nilimwona mtu anayefanana sana na Isihaka akinipungia mkono. Nikasema ni jua.

Nilikaa pale mpaka saa tano. Akatokea Bujiku, anapeleka mchele Iringa. Hakutamka neno "mteremko". Alitoa kamba tu. Tumeingia mjini saa kumi alasiri, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika usukani kwa heshima zote, watu wa sokoni wakinisalimia kwa kicheko.

Mlangoni kwa Mzee Abdul nikakuta viatu vingi. Jozi moja nikaitambua. Isihaka! Amekaa sebuleni, ameshiba. Kumbe Jumatano aliipiga picha barua yangu, Mwanakhamisi akaichapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi na kumpandisha basi. Ilisomwa saa saba kamili. Glasi ya sharubati alikuwa amenibakishia kweli, lakini nusu.

Nilisimama katikati ya sebule. Nikasema nakala si barua. Nikaisoma yote kwa kichwa, kurasa zote mbili, huku magadi yaliyokauka yakipukutika kwenye mkono wa koti. Hakuna aliyenikatiza. Mzee Abdul akasema: "Mwalimu, sasa tumeisikia mara mbili, na mara zote mbili tumeipenda. Karibu chakula." Posa imependwa! Gari limefika, mshenga amefika. Anayesema mtambo umeshindwa aje aniambie umeshindwa wapi.

Jumapili, 20 Julai. Iringa.

Kumbe kuna sharti. Asubuhi Mzee Abdul ameleta karatasi ya makubaliano. Tarehe ya ndoa ipo. Mahari ipo. Mwisho kabisa: siku ya ndoa mshenga na ndugu zake wote watakuja kwa basi, na "hiyo gari ya gesi" isivuke Makambako. (Gari hilo. Nimesahihisha pembeni.) Isihaka ametia sahihi kwa furaha. Bila sahihi ya mshenga karatasi haina nguvu. Ikikamilika kabla ya saa tano, wageni wa Songea watapewa chai na kuombwa radhi. Isipokamilika, watasikilizwa.

Shufaa mwenyewe aliniletea uji. Alipiga goti, akasema: "Babu, nakuheshimu. Jana nilikaa chumbani nimevaa tangu saa sita, kila gari likinguruma nasema ndiye Babu. Barua ilikuwa imeshafika, ila mtu wake hayupo, na shangazi zangu wananitazama. Siku ya ndoa siwezi kukaa hivyo tena. Weka sahihi, Babu." Binti mwenye adabu. Nimempenda. Lakini haelewi kwamba tatizo la jana lilikuwa ndoo. Mtambo ni mzima! Ndoo ya bati isingelegea. Na kwa kuwa niko Iringa, mlima Kitonga si mbali. Kwa jaribio la haki hakuna barabara inayofaa kuliko ile, kutoka juu hadi chini.

Sasa ni saa tano kasorobo. Wageni wa Songea wamefika. Nimewaona dirishani: wazee watatu, makoti makavu, bahasha nyeupe. Wamekuja kwa basi. Adamu amepiga simu mara kumi na moja. Isihaka amekaa mbele yangu na, kwa mara ya kwanza wiki hii, hacheki. "Shemeji, sahihi tu," anasema. "Jina lako tu." Mzee Abdul amechungulia mara tatu.

Karatasi iko mezani. Kalamu ninayo mimi, na ndiyo hii ninayoandikia. Nimewaambia kwamba msomi hatii sahihi dhidi ya sayansi kwa kukimbizwa na saa ya ukutani, na kwamba sharti kama hili lazima lipimwe. Nitaandika nikishaamua.