Mkate wa Marehemu Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe ametangaza mezani. Chumba cha mbele cha nyumba yake, kile kinachotazama barabara, atampa atakayekifanyia kazi ya maana. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akadakia kwamba atatengenezea simu humo. Huyu tunamwita Chaji, kwa sababu ya simu yake haikai hata asubuhi moja. Mimi sina kazi tangu kiwanda kifungwe. Nikajisikia nikisema nitaoka mikate. Mkate wa mama mkwe, ule wenyewe. Mzee akaacha kutafuna. Tangu mkewe afariki hajauonja. Akasema nimletee Alhamisi. Ukiwa wenyewe, ufunguo ni wangu. Chaji akacheka mpaka akapaliwa. Sijawahi kuoka hata kiazi.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu aliuona mkate huo ukiokwa tangu utotoni. Nikamwomba siri. Akasema hakuna siri: unga, maji, chumvi, sukari kidogo, hamira, halafu kukanda. Kukanda mpaka lini? Akasema mama yake alikuwa akiwaambia, ukichoka ndiyo kwanza umeanza. Hayo ni maelekezo au matusi?

Nilikanda mpaka wimbo mmoja wa redioni ulipokwisha. Mabega yanawaka moto. Nikatumia akili: nikaongeza hamira, nyingi, ifanye kazi yenyewe. Donge linataka joto. Nikalilaza kitandani, nikalifunika blanketi vizuri. Mke wangu akarudi kutoka kazini hoi, akajitupa kitandani. Aliyoyasema siyaandiki. Mashuka bado yamelowekwa, na leo nalala sebuleni.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimepunguza hamira. Kukanda pia nimepunguza. Umetoka tofali. Kuku wa jirani aliudonoa mara moja, akanitazama, akaenda zake. Hata kuku!

Alhamisi, 7 Machi

Penye nia pana njia, na njia yangu ilipita kwa mwokaji wa pale kona. Muuzaji wake akanipa mkate wa duara, mzuri. Nikaubabua kidogo upande mmoja, nikaunyunyizia unga, nikaufunga kwenye kitambaa cha jikoni. Kazi imekwisha.

Nafika kwa mzee, nani yuko sebuleni akicheza naye drafti? Mwokaji mwenyewe. Mzee akamwomba, yeye kama mtu wa fani, auonje kwanza. Akatafuna. Akafikiri. Akameza kwa shida. Akasema kwa upole kabisa kwamba aliyeoka mkate huu hakukanda, ana haraka, na kwamba yeye angeona aibu kumuuzia mtu kitu kama hiki.

Sasa nimjibu nini? Nimtetee yeye dhidi yake mwenyewe? Nimesimama pale nasemwa kwa makosa yake, na mwisho nikamshukuru. Mzee akarudisha kipande chake kwenye sahani, akasema siyo wenyewe. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alikuwa na huzuni tu, nami nikajisikia vibaya njia nzima. Amenipa mpaka Jumamosi, kwa heshima ya binti yake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeanza kukanda asubuhi. Nikachoka. Nikapumzika. Nikachoka kupumzika. Mke wangu akanisukuma kando kwa nyonga, akavua pete, akaliingia donge. Alikanda, akakunja, akasukuma, akageuza, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikamuuliza kama ni kitunguu. Akasema anamkumbuka mama yake, na kwamba nikae kimya.

Tuliupeleka ukiwa bado moto. Mzee hakungoja kisu. Akaumega, akala, akamega tena. Kisha akamwita mke wangu karibu, akamshika mkono ule wenye unga, akauweka ufunguo ndani yake. Chaji mwenyewe aliomba kipande kwa adabu. Nikawakumbusha kwamba unga nilinunua mimi. Hakuna aliyesikia.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu ametoa sharti moja: mimi ndiye nitakayekanda, kila siku, bila ujanja. Nimeapa.

Mchana nikamfuata Chaji. Nikamwambia nina kazi ya kumpa: awe ananikandia donge alfajiri, kabla dada yake hajaamka. Akakubali palepale, hata mshahara hakuuliza. Anachotaka ni kitu kidogo tu: meza yake ya simu ikae kwenye kile chumba, pale dirishani. Na kabati lake. Na wateja wake wapitie mlango wa mbele. Mikate tutaiuzia nyuma, uani. Nikampa mkono haraka kabla hajashtuka.

Mke wangu nitamwambia kesho, Chaji akishahamia. Maskini shemeji yangu. Kuna watu hawajui kabisa kufanya biashara.