Mjane wa Kiriaini na Tuzo Yangu

Jumanne, 1 Julai

Leo ndiyo leo! Vijana wa msikiti wametangaza tuzo ya mwanablogu bora wa Kiislamu wa Mlimani, kuanzia hapa Nyeri mpaka Kagio. Tuzo yangu hiyo. Blogu yangu, Junaid Anena, iko na miaka mitatu. Wasomaji ni wachache lakini ni watu wa maana. Mmoja ni mimi.

Na sitafuti sifa tu. Mzee Jamal, mwenye bucha mjini, amekataa kunioza binti yake Chiku. Ati hawezi kumtoa kwa mtu ambaye kazi yake ni kubonyeza simu. Chiku amenitetea mpaka amechoka. Mwishowe mzee akasema, sawa, watu wenye akili zao wakinitambua hata mara moja, nilete wazee wa posa.

Shida ni moja. Huruhusiwi kujiteua, lazima uteuliwe na mwanablogu mwenzako. Nimewaandikia wote ninaowajua. Wamesoma, alama za buluu naziona. Kimya. Wivu mbaya.

Alhamisi, 3 Julai

Nimepata dawa. Kama hakuna mwanablogu wa kuniteua, si namtengeneza? Nimechukua laini mpya kwa Theuri, jirani yangu anayeuza simu hapa Gatitu. Basi amezaliwa Bi Ummi: mjane, anaishi Kiriaini, ana ng'ombe mmoja. Hakuna mtu wa msikiti wetu aliye na shughuli Kiriaini. Kwa picha nimeweka kikombe cha chai.

Lakini blogu haiwezi kukaa tupu. Nimemwandikia posti tatu mbio mbio. Anavyofungulia funga ya Alhamisi kwa mukimo wa jirani. Anavyopasha maji ya udhu kwa sufuria ya maziwa, na baridi hii ya Julai. Anavyomimina chai vikombe viwili kila asubuhi, halafu anakumbuka marehemu hayupo. Upuzi mtupu. Kisha Bi Ummi akaniteua kwa maneno mazito: fahari ya Mlima, kalamu ya haki! Nilisoma nikalengwalengwa na machozi.

Jumapili, 6 Julai

Jameni! Aaliya, mwenyekiti wa kamati, anasema Bi Ummi naye ameteuliwa. Na nani? Na kila mtu! Ile ya vikombe viwili imesambaa kote. Hata Theuri, ambaye leo alikuwa kanisani, ananiuliza kama namjua huyo mama. Mke wake amesoma akalia mpaka chapati ikaungua. Nikamwuliza kama wamesoma yangu mpya, "Kwa Nini Watu Wakuu Hawaeleweki". Akasema bundles ziliwaishia.

Nimemwandikia Bi Ummi posti mbaya makusudi, apoteze kura. Ng'ombe amekataa kukamuliwa, basi, hakuna funzo, hakuna mwisho. Wameipenda zaidi. Wanauliza ng'ombe anaitwa nani.

Jumatano, 9 Julai

Amenishinda. Bi Ummi! Mtu niliyemzaa mwenyewe! Atatuzwa Jumamosi. Namchukia huyo mama. Unyenyekevu mwingi vile, lazima kuna kitu anaficha.

Alasiri Mzee Jamal akaniita buchani. Nilidhani ni kunicheka. Kumbe anafunga mlango, anaweka kisu chini, ananong'ona. Tangu mkewe afariki hajawahi kufikiria kuoa, lakini huyu Bi Ummi amemsoma neno kwa neno. Kwa vile aliniteua, lazima namjua. Walii wake, wa kumwoza, ni nani?

Mdomo wangu ukajibu kabla ya kichwa. Ni shangazi yangu, upande wa baba, wale wa Isiolo. Walii ni mimi.

Mzee akanikumbatia na aproni yake yote ya damu. Nikimwoza shangazi, naye atanioza Chiku. Ila kila mwanamke na mahari yake, akaonya, tusije tukavunja sheria ya dini kwa kubadilishana wanawake. Mtu mwangalifu sana. Nikakubali. Chiku wangu! Wewe ungekataa?

Ijumaa, 11 Julai

Mzee amenyoa. Ana kanzu mpya. Anataka nimpeleke Kiriaini. Nikasema shangazi anaumwa. Akaanza kumchemshia supu ya mifupa.

Njia ikabaki moja. Baada ya swala ya Ijumaa nikaandika kwenye blogu yake: mimi mpwa wake, kwa majonzi, Bi Ummi ametutoka. Innaa lillahi. Mambo kwisha! Mzee atalia kidogo, tuzo itashuka kwangu, na kwa huruma atanipa Chiku. Akili hizi sijui nilizitoa wapi.

Baadaye. Kuna kitu sikufikiria. Maiti wa Kiislamu halazwi, huzikwa siku hiyo hiyo. Simu hazikatiki: anazikwa wapi, swala saa ngapi, nani anaosha? Aaliya amekusanya akina mama wa kuosha. Wanaume wamebeba majembe. Mzee Jamal amenunua sanda yeye mwenyewe. Theuri amefunga duka aje kuchimba, ati kuchimba hakuna dini. Nikasema tayari amezikwa. Wakasema basi tukamwombee dua kaburini. Nimepewa kiti cha mbele garini, niwaonyeshe njia.

Jumamosi, 12 Julai

Jana Kiriaini tulizunguka, tukazunguka. Nikaonyesha nyumba moja. Mama akatoka, akasikia shida yetu, akasema yeye hajafa, na tena ni mkatoliki.

Wote wakanigeukia. Nikasema yote. Hakuna aliyenigusa, na afadhali wangenipiga. Akina mama walirudi garini bila kunitazama. Mzee Jamal aliketi kando ya barabara, sanda mapajani. Akauliza kama ile ya vikombe viwili niliandika mimi. Nikasema ndiyo. Akasema yeye pia bado anamimina viwili. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuona.

Leo Chiku akapiga. Alisema amesoma kila posti ya Bi Ummi, na kwamba angekubali kuolewa na aliyeandika vile hata bila tuzo, hata baba akatae. Ila aliyemuua hataki kumwona. Akakata. Nimelia, kweli nimelia.

Jumatatu, 14 Julai

Nimejichunguza sana, bila kujionea huruma. Kosa langu nimeliona. Ni Kiriaini. Karibu mno!

Theuri hataki kuniuzia laini tena, nimeipata kwingine. Amezaliwa Bwana Idris: mtu mzima, msomi, anaishi Norwe, huko hakuna atakayeenda na jembe. Nimemwandalia barua ndefu kwa Chiku na baba yake. Ataapa kwamba yeye anamjua Junaid kwa macho yake mawili, na kwamba siku hizi kijana ameacha uongo kabisa.