Kidato cha Pili Kimeugua Mafua

Jumatatu, 3 Machi
Kidato cha Pili kimeugua mafua. Chote! Maana chote ni msichana mmoja, ndiyo sababu shule nzima tunamwita Darasa. Nimemrudisha nyumbani, nimefunga chumba. Mara simu: Mkaguzi anakuja Alhamisi. Kidato chenye mwanafunzi mmoja kinafutwa, mwenyewe anahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Mungu wangu! Huko ni mbali, na Darasa ndiye anayempikia bibi yake aliyepooza mkono. Akihamishwa ataacha shule. Namjua.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa mwalimu mkuu mwenzangu wa ng'ambo. Bwana Tai, maana hata shambani anakwenda na tai. Nimemwomba aniazime mwanafunzi, wa siku moja tu. Amecheka mpaka machozi. Eti wanafunzi si viti vya harusi. Eti dawati la Darasa ameshaliandaa. Mshenzi! Nimerudi nimefura. Njiani likanijia wazo. Mlinzi wetu ni kijana bado, ukimtazama kwa mbali. Kwa mbali sana.

Jumatano, 5 Machi
Mlinzi amekubali, ila kaptura ya sare imegomea mapajani. Nimemnyoa ndevu kwa mkono wangu. Ametokea mzee zaidi! Makamu wangu, dada asiyependa utani, akauliza getini atakaa nani. Hilo sikuliwaza. Jioni nimekwenda kumjulia hali Darasa. Afadhali, mafua yamepungua. Bibi yake nikamweleza mpango wote. Akaniambia, mwanangu, huyo mlinzi atakuaibisha, kwa nini usinichukue mimi? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu gani hii! Mkaguzi alipopiga honi, mlinzi akachomoka darasani kwa mazoea, mbio kufungua geti. Na kaptura ya sare! Mkaguzi akauliza kama siku hizi wanafunzi ndio wanaolinda shule. Tukaingia Kidato cha Pili. Darasa yuko mbele, na pembeni yake bibi yake, ndani ya sweta la mjukuu. Nikafungua mdomo niseme ni fundi wa madawati. Bibi akaniwahi. Akasema alimaliza Kidato cha Kwanza, wazazi wakafariki, akaacha ili alee wadogo zake. Sasa wote wamekua. Amekuja kumalizia.

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Akasema shule ni ya umma, na yeye hajaona popote palipoandikwa umri. Wako wawili, akasema. Kidato kinabaki. Nimekwenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Nimelia kabisa, sioni haya.

Ijumaa, 7 Machi
Leo Kidato cha Pili kina kelele! Bibi anachungulia hesabu za mjukuu, mjukuu anaziba kwa kiwiko na kumwambia, Bibi, fanya zako. Nimesimama dirishani muda mrefu, nimefurahi mno. Makamu akaja, kwa ule upole wake wa kuudhi, akasema ni ukweli uliotuokoa, wala si ujanja wangu. Nimemkubalia. Kweli tupu, nikamwambia, na nimekoma.

Baadaye simu ikalia. Wiki ijayo wanakuja kukagua maabara. Maabara hatuna. Tuna jiko. Mpishi nimeshampa koti jeupe, na kuanzia Jumatatu ni mwalimu wa kemia.