Nilivyotajwa Ng'ambo, Nikatafsiriwa Kanisani

Leo nimechomeka kwa aibu. Tena si kidogo. Nimechomeka mbele ya kanisa zima hapa Kaptembwo, Nakuru, maikrofoni mkononi.

Kwa wasionijua: mimi ni mtafiti wa fizikia ya kemia, na kazi yangu ni kupima jinsi floridi ya maji yetu ya visima inavyonata kwenye mkaa wa mifupa, ule wa kuchujia maji. Kama umekulia Nakuru, floridi unaijua. Jiangalie tu kwa kioo ukitabasamu, uone meno ilivyoyapaka kahawia. Nimeandika makala kadhaa, na kwa miaka mingi aliyekuwa akizitaja sana ni mimi mwenyewe. (Msinihukumu. Kila mtafiti hufanya hivyo.)

Sasa, wiki hii makala yangu moja ikaanza kutajwa. Kila nikifungua simu, namba ya walionitaja imepanda! Mabingwa fulani wa Ujerumani walikuwa wamenitaja kwenye makala yao, na wengine wakafuata. Nilifurahi hadi nikampigia Mama simu kabla hata ya kusoma walichoandika. (Kosa ndilo hilo, lakini ngojeni.)

Mama ameingojea siku hii. Wamama wenzake wa kanisa wamemuuliza tangu zamani, "Mama Nafula, huyu msichana wako bado anasoma tu?" Kwa hivyo leo akaomba nafasi ya shukrani. Akavaa kitenge kipya, akaketi mbele, shingo juu. Nilijua nikimwaibisha leo, hataweza tena kuwatazama wale wamama usoni.

Pasta akaniita. "Dada Nafula, tusomee vile hao watu waliandika. Soma kwa Kizungu tuonje utamu, Mwalimu Wafula atatafsiri."

Mwalimu Wafula ndiye mkalimani wetu. Alifundisha Kiingereza hadi akastaafu, na akitafsiri hupaza sauti kumshinda mhubiri. Nikatafuta jina langu kwenye simu, nikaanza kusoma kwa madaha, vipande vifupi vifupi.

"Kazi ya Nafula na wenzake!" akanguruma Mwalimu.

"Amina!"

"Inajulikana sana!"

"Amina!" Vigelegele. Mama akapunga leso.

"Ni mfano ulio wazi kabisa!"

"Haleluya!"

Macho yangu yakafika kipande kilichofuata. Nikakohoa, nikasema, "Hapo panatosha, Mungu awabariki."

"Lakini sentensi haijaisha," akasema Mwalimu, akiinamia simu yangu na miwani yake. (Huyu mzee hajawahi kuacha sentensi njiani.) Akasoma mwenyewe, akatafsiri mwenyewe, kwa sauti ile ile ya ushindi:

"Wa jinsi kipimo hiki! Kisivyofaa! Kufanywa!"

"Ami..." Ikakatikia hapo.

"Walitumia maji safi ya maabara! Ambayo hakuna binadamu! Anayeyanywa!"

Hata mpiga kinanda akaacha kupiga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ikishindwa, immeze Mwalimu. Sikuthubutu kumtazama Mama.

Yeye ndiye aliyesimama. Akaja mbele, akachukua maikrofoni.

"Wafula, hao watu wako wapi?"

"Ujerumani, mama."

"Na hii kazi ya Nafula wameisoma yote?"

"Wameisoma yote. Ndiyo wakaona kosa."

Mama akageukia kanisa. "Mmesikia? Ujerumani! Watu wameacha shughuli zao wakamsoma Nafula mpaka mwisho! Nyinyi hata matangazo ya kanisa hamsomi!"

Wee! Vigelegele vikarudi mara mbili.

"Na shida si ni maji tu?" akaendelea. "Mwenye kisima na akimbie nyumbani sai, alete. Msiniletee ya mvua!"

Jamani, waliyaleta. Ibada ilipoisha kulikuwa na foleni ya mitungi kando ya gari langu. Jamaa mmoja wa boda boda akashusha wa kwake akaniambia, "Daktari, haya yetu ndiyo mabaya kuliko yote. Angalia meno yangu. Andika jina langu huko mbele." Shangazi naye akapiga simu kutoka Lanet, analia kwamba Lanet tumeisahau.

Na niseme ukweli, hao Wajerumani wako sawa. Lakini kosa lenyewe lilipatikana kwa sababu niliandika kitu cha kukosoa, na nilipomwona Mama akiwapanga wale wamama foleni, akiwaambia "mpisheni daktari," nilijivuna hadi machozi yakanitoka.

Sasa buti la gari limejaa maji, na kesho naanza kupima upya. Wenzangu wa idara, nawaomba msinicheke. Mkishindwa kabisa, chekeni kwenye makala, mnitaje kwa jina kamili. Hata hiyo inahesabiwa.