Kilo Zisizo na Kibali

Naomba niwatangazie wananchi wote, wanene kwa wembamba, kwamba katika historia ya utumishi wa umma hakuna ofisi iliyowahi kupambana na vitambi kwa ushujaa kama Idara Kuu ya Mizani. Sisemi haya kwa kujisifu. Mimi ni Naibu Mkurugenzi wa Uhusiano. Kujisifu ni kazi yangu, na sasa hivi niko mapumzikoni.

Idara yetu hukagua mizani za wauza nyama, wauza nafaka na wauza misumari. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaheshimika. Kisha muuza nyama mmoja, mtu asiye na adabu, akamwambia mkaguzi wetu mbele ya wateja, "Mzee, kama unataka kujua mizani yangu ni nzima, panda wewe mwenyewe. Ikipona, imefaulu."

Mkurugenzi Mkuu alipoletewa habari hizo alikasirika hadi chakula cha mchana, akala, akaendelea kukasirika. Jioni akatoa agizo. Kila mtumishi akimbie kuzunguka mtaa wetu asubuhi kabla ya kazi. Baada ya majuma kadhaa wote wapimwe, ili Waziri atakapokuja kututembelea akute watumishi wepesi, wanaopeperuka kwa uzalendo.

Mbio zilianza. Mkurugenzi Mkuu na mimi tulishiriki kikamilifu, kutoka kwenye gari. Uongozi haukimbii, uongozi huongoza mbio. Dereva alitupeleka polepole nyuma ya watumishi, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi wanalotimua, na kila tulipofika kwenye kona Mkurugenzi aliteremsha kioo kidogo, akatoa kipaza sauti na kupiga kelele, "Magoti juu! Taifa linawatazama!" Taifa wakati huo lilikuwa mwanamke mmoja anayefagia mbele ya duka lake, naye alikuwa anatutazama sisi.

Miongoni mwa wakimbiaji alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, opereta wa simu wa idara. Watu humwita Haloo. Kazi aliipata kwa sifa zake mwenyewe, ambazo mimi niliziwasilisha. Siku ya kwanza alikimbia hadi kwenye nguzo ya taa, akaikumbatia kama ndugu aliyepotea. Siku ya pili aliipita. Baada ya hapo akaanza kuacha lifti na kupanda ngazi hadi chumba cha simu, ghorofa ya nne, na mke wangu akaniambia mdogo wake sasa anaimba akifua. Nilichukulia hiyo kama dalili nzuri kwa idara.

Ikafika siku ya kupima. Tuliweka mizani yetu kubwa kabisa katikati ya ukumbi, ile ya magunia. Mkaguzi Mkuu akawa anasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua. Mhasibu alikuwa ameongezeka. Wachapaji walikuwa wameongezeka. Bawabu, mtu mwembamba kama ufito, alikuwa ameongezeka. Haloo aliongezeka kilo mbili nzima, akashuka kwenye mizani machozi yakimlengalenga.

"Mizani imeharibika?" akauliza Mkurugenzi Mkuu.

Mkaguzi Mkuu alilamba midomo. "Mkurugenzi, mizani ya idara haiharibiki. Ikiharibika hii, basi na wale wote tuliowafungia maduka..."

"Nimeelewa," alisema Mkurugenzi. "Mizani ni nzima. Watu ndio wabovu."

Hapo ndipo tulipopanda sisi wawili. Uzito wa Mkurugenzi ulikuwa uleule. Wangu uleule. Hakuna hata gramu iliyotikisika. Nilipiga makofi, na wenzangu, baada ya kutazamwa, wakapiga pia.

Bila kupoteza muda tuliunda Kamati ya Kuchunguza Chanzo cha Kilo Zisizo na Kibali. Mkurugenzi alikuwa mwenyekiti, mimi nikawa katibu, na Mkaguzi Mkuu akawa mjumbe ili tusionekane wawili tu. Mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Haloo, kwa kuwa kilo zake zilikuwa nyingi kuliko za wote.

"Eleza," alisema Mkurugenzi, "umezipata wapi."

"Mkurugenzi, nimekwenda zahanati kuuliza. Daktari kaniambia ni kawaida. Misuli ikianza kazi ambayo haikuizoea inachubuka ndani kwa ndani, inavimba kidogo, inashika maji ili ijitibu. Si mafuta. Ni ya muda tu, mwili ukizoea yanatoka."

"Maji?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Wewe umeajiriwa kupokea simu. Nani alikuidhinishia kupokea maji?"

Haloo akanitazama mimi. Nikatazama dari, ambayo kwa kweli inahitaji rangi.

"Mbona sisi hatukushika maji?" Mkurugenzi akaendelea. "Naibu, wewe umeshika maji?"

"Sijayagusa, Mkurugenzi."

Basi kamati ikaamua kwa kauli moja, ya Mkurugenzi, kwamba Haloo aachishwe kazi mbele ya Waziri, iwe fundisho kwa wanaohujumu zoezi kwa miili yao.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwa lugha ya kitaalamu. Alinisikiliza huku akikunja nguo za watoto.

"Mdogo wangu ana watoto wawili na hana mume wa kumsaidia," alisema. "Ameamka alfajiri kukimbia kwa sababu nyinyi mlimwambia akimbie. Sasa mnamfukuza kwa sababu alikimbia?"

"Mke wangu, hili ni suala la kiutawala."

"Sawa. Na humu ndani natawala mimi. Sofa lile pale."

Nililala kwenye sofa kwa sababu za kiutawala.

Kesho yake nikamfuata Haloo chumba cha simu nimsaidie kindugu. "Shemeji, sikiliza," nilimwambia. "Acha kukimbia. Usile mpaka Waziri aje. Kilo zikishuka hata kidogo nitakuombea."

Alivua vile vidude vya masikioni akaviweka mezani taratibu. "Shemeji, nimekaa kwenye kiti hiki hadi kimechukua umbo langu. Nilikuwa nikipanda ngazi moja, moyo unanitoka mdomoni, naogopa nitawaachia nani wanangu. Sasa nafika huku juu naongea. Nifukuzeni. Nitakimbilia nyumbani." Simu ikalia, naye akaipokea kwa heshima zote.

Niliondoka nikiwa na hisia fulani, lakini sikuwa na mahali pa kuiwasilisha.

Waziri akaja. Ni mama wa makamo, mwenye gauni la kitenge na, jambo lililotushangaza, viatu vya raba. Alishuka garini akishika mlango, akapanda ngazi zetu za mlangoni upandeupande kama kaa. Mkurugenzi alimnong'oneza msaidizi wake amtafutie mgeni kiti, lakini Waziri akasema atasimama, kwani kukaa si tatizo, tatizo ni kuinuka.

Ukumbini tulikuwa tumewapanga watumishi wote upande mmoja chini ya maandishi WALIOONGEZEKA. Upande wa pili, chini ya maandishi UZITO TULIVU, tulisimama mimi na Mkurugenzi Mkuu. Haloo alitangulizwa mbele, mikono nyuma.

Mkurugenzi akahutubia. Alieleza hujuma, uchunguzi na hukumu. Waziri akasikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Haloo.

"Mwanangu, miguu inauma?"

"Ilikuwa inauma sana, Mheshimiwa. Sasa imeanza kupoa."

"Kuchuchumaa chooni je?"

"Mheshimiwa, nilikuwa nashika ukuta."

"Mimi nashika sinki." Waziri akamgeukia Mkurugenzi. "Nami nimeanza mazoezi, Mkurugenzi. Jana nimepanda mizani nimeongezeka. Nimelia kama mtoto. Nilitaka kuitupa dirishani. Daktari wangu akanicheka, akaniambia misuli imeshika maji, nitulie, niendelee, itashuka. Kwa hiyo hawa wote nawaamini. Mwili wao umetoa ushahidi. Ila kuna watu wawili hapa siwaelewi."

Mkurugenzi alitabasamu, akidhani anasifiwa.

"Nyinyi mlikimbia kila siku?"

"Kila siku, Mheshimiwa! Hatukukosa hata moja."

"Na hamkuongezeka?"

"Hata chembe!"

"Wala hamkuumwa popote?"

"Hatukuumwa popote, Mheshimiwa!"

"Mlikimbilia wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye ratiba. Mkurugenzi alinitazama. Nilitazama dari. Hapo dereva wetu, aliyesimama chini ya WALIOONGEZEKA kwa sababu baada ya kutuegesha hurudi kukimbia na wenzake, akakohoa.

"Kiti cha nyuma, Mheshimiwa."

Waziri hakupandisha sauti. Alisema opereta arudi kwenye kazi yake, na pamoja na kazi hiyo awe msimamizi wa mazoezi wa idara nzima. Alisema gari libaki limefungwa asubuhi. Alisema lifti isibebe kiongozi yeyote mpaka atakaporudi yeye. "Na nikirudi," alimalizia akiwa anashuka ngazi za mlangoni upandeupande, "nikute nyinyi wawili mmeongezeka."

Tulikimbia. Sitaki kulieleza hilo kwa undani. Niseme tu kwamba niligundua sehemu za mwili ambazo ofisi yangu haikuwa na taarifa nazo. Mkurugenzi aliifikia nguzo ya taa, akaikumbatia, na Haloo akamsubiri kwa upole, akimwambia avute pumzi kwa pua.

Tulipopimwa tena, kilo za watumishi zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Haloo alikuwa chini ya uzito alioanza nao. Mkurugenzi Mkuu alipanda mizani amefumba macho. "Ameongezeka!" akapaza sauti Mkaguzi Mkuu, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mkurugenzi aliinua mikono kama aliyeshinda uchaguzi, akagundua mikono haiinuki, akaishusha.

Nyumbani nimerudishiwa kitanda, ila sina nguvu ya kukipanda.

Asubuhi ya leo tulikuwa tunakwenda ofisini, ghorofa ya tano. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu Mkurugenzi alikaa kwenye ngazi. Nami nikakaa chini yake, kwa kuheshimu cheo.

"Naibu," alisema. "Andika. Andika kwamba ngazi za jengo hili zimeongezeka bila idhini ya ofisi yangu."

"Naandika, Mkurugenzi," nilisema, ingawa mkono haukufika kwenye mfuko wa kalamu.

Haloo akatupita akipanda mbilimbili, mkoba begani.

"Shikamooni," alisema, bila kupunguza mwendo.

Tulipopata pumzi ya kumwitikia, simu ya ghorofa ya nne ilikuwa imekwishapokelewa.