Soksi Kwenye Pua ya Kisanduku

Jumanne, 8 Julai
Baridi ya Julai imeshuka hapa mtaani Kambi Muru bila huruma. Ukungu umeondoka saa nne asubuhi. Ploti yetu ina milango kumi na miwili, na majiko kumi na mawili ndani ya nyumba. Moshi hauna pa kwenda. Unakaa tu, kama mgeni kutoka shags, kule kijijini.

Vijana wa kikundi cha afya wametundika kisanduku cheupe ukutani. Kinapima hewa. Taa kijani, hewa ni nzuri. Taa nyekundu, toa watoto. Rachael, kiongozi wao, alisema ploti itakayokaa kijani siku nyingi mwezi huu, keretaka wake atapewa jiko la gesi na mtungi. Keretaka ni mimi, mtunzaji wa ploti hii!

Gesi si yangu. Nitampa Mildred wa nyumba nambari nne. Anapika chapati za kuuza kwa makaa, na binti yake Aluoch, miaka sita, ana pumu. Kila asubuhi Mildred hunipa chapati moja ya bure. Mwanamke hagawi chapati hivi hivi. Hata mimi najua.

Jumatano, 9 Julai
Nyekundu tangu alfajiri. Mildred akampeleka Aluoch kwa dada yake, huko mtaa wa Nyayo Highrise. Nikapita mlango kwa mlango nikiwaomba watu wawashe majiko nje, makaa yakishika ndipo wayaingize. Nicanor, fundi viatu, aliniuliza kama hiyo baridi ya nje nitaivumilia mimi badala yake. Mama Austin, mpangaji mwingine, aliniambia nitafute bibi, nipate kazi ya kufanya.

Ng'ambo ya mtaro, kwa keretaka Githinji, kisanduku chao ni kijani. Amewajengea wapangaji kibanda cha kupikia uani. Akanipungia mkono. Nkt! Anajionyesha tu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimekichunguza kisanduku. Chini kina matundu mawili. Hizo ndizo pua zake. Nikavua soksi ya kushoto, nikaisukuma humo mpaka ikajaa. Dakika chache baadaye, kijani! Wangila, wewe una akili, ni bahati tu ilikukosa.

Mildred alifurahi sana. Alisema kama hewa imekuwa hivi, Aluoch atashinda nyumbani. Nilitaka kusema kitu. Akaniwekea chapati mbili. Nikala.

Jumamosi, 12 Julai
Kijani siku ya tatu. Watu wamelegea. Nicanor anawasha jiko kwa vipande vya soli za viatu, moshi mweusi ti! Akiambiwa, anaonyesha taa. Nilijua. Wacha niandike ukweli: nilijua. Nikajiambia zimebaki wiki chache tu, gesi ifike.

Jumapili, 13 Julai
Aluoch alibanwa na kifua tukijiandaa kwenda kanisani. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Ile dawa yake ya kuvuta haikusaidia. Nilimbeba mgongoni mpaka kliniki, kifua chake kikipiga mluzi sikioni mwangu. Mildred alikuwa nyuma, akirudia kwamba taa ilikuwa kijani. Si ilikuwa kijani, Wangila? Nikasema ndiyo. Mguu wa kushoto hauna soksi, na bado nikasema ndiyo.

Wakamwekea mashine ya mvuke. Jioni alipumua vizuri, akaomba soda. Nimelia chooni. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto, lakini mjukuu amefika.

Jumatatu, 14 Julai
Rachael alikuja kukagua kisanduku. Akachomoa soksi mbele ya ploti nzima! Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Ina kiraka chekundu, na aliyekishona ni Mildred, mwezi wa tano.

Mildred hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Aliikunja ile soksi vizuri, akanipa, akaingia ndani kufunga vyombo.

Jumatano, 16 Julai
Wamehamia kwa Githinji. Kitanda chao nimekibeba mwenyewe. Aluoch aliniambia huko hakunuki, kisha akaniuliza kwa nini siendi nao. Nikarudi nikaapa kwa Biblia ya marehemu mama: sitagusa kisanduku tena maishani.

Alhamisi, 17 Julai
Asubuhi bila chapati ni ndefu. Kutoka mlangoni pangu namwona Mildred kwenye kile kibanda, anacheka na Githinji. Kicheko gani hicho saa moja asubuhi?

Nimefikiria sana. Kosa nimelikiri. Kiapo nitakitunza, kisanduku sitakigusa kwa kidole. Lakini kile cha Githinji kikikaa chekundu siku tatu, Mildred ataona huko pia ni yale yale tu, atamchukua mtoto, atarudi kwetu. Na safari hii nitamtunza kabisa. Nicanor amenipa gunia la soli kuukuu. Upepo wa asubuhi unaelekea ng'ambo ya mtaro. Hakuna mtu ataumia. Ni moshi kidogo tu.